Daftari la mama na gari lililochemsha

Mwalimu alinunua gari lake kwa kiinua mgongo, gari dogo la mwaka 1996, na kwa miaka mitatu halikumsumbua. Mwaka wa nne likaanza kuchemsha. Mara ya kwanza ilikuwa Kimara, jioni, kwenye foleni. Mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, mvuke ukafuka kwenye boneti, na abiria wa daladala ya pembeni wakamshauri afungue rejeta. Bahati nzuri hakuwasikiliza. Maji ya rejeta yakiwa ya moto yana presha. Ukifungua mfuniko yanakurukia usoni.

Fundi wa kwanza alisema rejeta imeziba. Ikabadilishwa, gari likachemsha tena. Wa pili alisema ni pampu ya maji. Akaibadilisha, na kabla ya kufunga akang'oa termostati, akidai nchi ya joto kama hii haina haja nayo. (Wanaosema hivyo ni wengi, na wanakosea.) Gari likachemsha.

Fedha za pampu zilitoka kwenye akiba ya mkewe, fundi nguo aliyekuwa akijikusanyia anunue cherehani ya pili. Mwalimu aliahidi kuzirudisha mwisho wa mwezi. Ikapita miezi mitatu. Nyumbani wakawa watu wa kusalimiana na kupakuliana chakula, basi.

Fundi wa tatu alipotaja gasketi ya silinda hedi, na bei yake, mke aliweka mkasi mezani.

"Baba Neema, safari hii tunakwenda wote."

Walikwenda kwa kijana mwenye gereji chini ya mwembe. Aliwaamkia, kisha badala ya kuchukua spana akauliza, "Huwa linachemkia wapi?"

Mwalimu akaanza kueleza habari za rejeta. Mkewe akatoa daftari kwenye mkoba. Humo aliandika kila shilingi iliyoliwa na gari, pamoja na siku na mahali, maana kila likichemsha alipigiwa simu yeye. Kimara, foleni. Kariakoo, foleni. Getini shuleni, akimsubiri mtoto. Walipokwenda msibani Chalinze, watu watano ndani, mshale haukusogea.

"Gari likikimbia, upepo wa barabara unapoza rejeta," kijana akasema. "Likisimama, feni ndiyo upepo wake."

Injini ilikuwa imepoa. Akafungua mfuniko wa rejeta, akawasha, akatazama maji: hayakutoa mapovu. Akachomoa kijiti cha oili: haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dalili za gasketi kuungua hazikuwepo. Akafunga mfuniko, akaacha gari likiunguruma. Mshale ukapanda, ukapita katikati. Feni kimya. Akachomoa plagi ya swichi ya joto iliyo kwenye rejeta, akaunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya. Feni ikavuma.

Kwa hiyo feni ni nzima, fyuzi nzima, relei nzima. Kilichokufa ni swichi ndogo inayotosha kiganjani.

Mama aliuliza swali moja zaidi: mbona tangu pampu ibadilishwe mafuta yanakwisha haraka? Na hilo lilikuwa daftarini. Kijana akacheka. Bila termostati, alisema, injini haifikii joto lake ikiwa barabara kuu, na injini baridi hula petroli. Akaandika vitu vya kununua: swichi, termostati, na kulanti badala ya maji ya bomba yanayotia kutu. Vyote havikufika nusu ya bei ya pampu.

Kurudi walipita Kimara saa kumi na mbili jioni, foleni imefungana. Mwalimu hakuondoa macho kwenye mshale. Feni ikawaka, ikazima, ikawaka.

Nyumbani mke aliandika gharama za siku hiyo. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho, wenye deni la cherehani, akamsogezea mumewe kalamu. Mwalimu aliisoma ile hesabu mara mbili, akaandika tarehe.