Goti la Januari

Huku Moiben miguu ya mtoto hutazamwa mapema. Sehemu kubwa ya Uasin Gishu iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakimbiaji hutupita kila alfajiri, na mtoto akianza tu kwenda shule mbiombio hakosi mzee wa kusema, huyu ana mguu. Kwa hivyo mwanangu wa miaka saba alipoanguka kutoka kwenye trela la mahindi mwishoni mwa Novemba 2007, mfupa wa paja la kushoto ukakatika katikati, wageni waliokuja kutupa pole walikuwa na swali moja: je, atakimbia?

Mtaalamu wa viungo hakuuliza hilo. Aliuliza choo chetu nyumbani ni cha aina gani.

Alikuwa mama wa makamo, Mkikuyu aliyezaliwa papa hapa Uasin Gishu, na kazi yake ilianza siku ya pili baada ya madaktari wa Eldoret kuunga ule mfupa kwa bamba la chuma na skrubu. Mfupa wa mtoto hufunga upesi, alinieleza. Wiki sita hadi nane huwa umeshikana. Kinachopotea ni goti. Paja likishapasuliwa, msuli mkubwa wa mbele unaweza kugandamana na kovu, na goti ambalo halikuguswa na jeraha lolote likakakamaa kwa kukosa kazi. Nilipomwambia choo chetu ni cha shimo, akasema basi lengo letu ni achuchumae. Ili kuketi darasani goti linahitaji kukunja digrii 90 tu, lakini kuchuchumaa kunataka zaidi ya 120. Habari za mbio, akasema, mwalimu, tutaziongea mwakani.

Alinifundisha mimi kuliko alivyomfundisha mtoto. Taulo likunjwe liwekwe chini ya goti, mtoto alikandamize, ashikilie, aachilie. Kisigino kiteleze juu ya karatasi laini ya plastiki, kije na kurudi. Mguu uinuliwe ukiwa umenyooka. Magongo yasifike kwapani. Paachwe nafasi ya vidole viwili au vitatu, maana kuna mishipa ya fahamu hapo ambayo mtoto akiilalia mkono hufa ganzi. Na kwenye ngazi, mguu mzuri hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza. Mtoto alipoanza kulia alimhesabia kwa Kikalenjin, akenge, aeng', somok, kwa lafudhi iliyomfanya mwanangu asahau kulia ili amsahihishe.

Tulitoka hospitali katikati ya Desemba, na siku ya kurudi kliniki ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba. Matokeo yalitangazwa jioni ya tarehe 30, na kabla usiku haujaisha moshi ulionekana upande wa Eldoret. Barabara ilifungwa kwa miti na mawe. Walioifunga walikuwa vijana wetu, baadhi yao niliowashika mkono wakajifunza kuandika herufi. Siku ya mwaka mpya kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo kujiokoa, wengi wao akina mama na watoto. Tulipolisikia hilo hakuna aliyelitaja tena goti nyumbani kwetu. Ningeanzaje kulizungumzia goti la mtoto mmoja?

Lakini goti halingojei amani. Kila asubuhi nilipasha maji moto, nikaloweka kitambaa, nikakilaza juu ya paja lile lililokuwa limenyauka kuliko la pili, kisha tukaanza. Kogo wake, yaani nyanya yake, aliketi kwenye kigoda upande wa kichwa, akimshika mabega na kuhesabu naye. Mtoto alilia, nami niliendelea. Yeyote aliyemkunja mtoto goti kwa mkono wake mwenyewe anajua jinsi anavyokutazama: hajui kwamba unamtibu, anajua tu kwamba mama ndiye anayemuumiza.

Wiki ya pili simu ililia. Siku zile kadi za muda wa maongezi zilikuwa zimeadimika na bei imepanda, watu wakigawiana shilingi kumi kumi, kwa hivyo nilishtuka kuona nambari nisiyoijua. Alikuwa yeye. Alikuwa kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret, pamoja na maelfu ya waliokimbia makwao, na alikuwa ameazima simu. Nikaanza kumpa pole, akanikatiza. Mlaze kifudifudi, akasema, akunje goti mpaka pale anapoweza, halafu niambie kati ya kisigino na tako zinaingia ngumi ngapi. Niliweka simu chini nikapima. Tano. Akasema vizuri, ila hazitoshi; niongeze zoezi la jioni, nisimlazimishe paja likiwa la moto au limevimba, na wiki ijayo anataka kusikia nne.

Alipiga tena mwishoni mwa mwezi, safari hii akiwa Nakuru, ambako malori yaliyosindikizwa na polisi yalikuwa yamewashusha. Nikamwambia tatu. Alicheka, kicheko cha mtu aliyepewa kitu chake. Sikumuuliza nyumba yake imekuwaje, naye hakuitaja. Baada ya hapo nambari ile haikupatikana tena.

Mapatano yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa mpatanishi. Barabara zilipofunguka tulimkuta kliniki kijana mgeni. Alipima kwa kipima-pembe chake akapata digrii 110, akauliza mtoto alikuwa akihudhuria wapi. Nilimjibu nyumbani, kwa simu.

Mvua za masika zikaja. Jioni moja, baada ya mvua ya kwanza kubwa, kumbikumbi walitoka ardhini mbele ya jikoni, na watoto wa jirani wakaja na sufuria. Mwanangu alisimama na magongo yake akiwatazama. Kisha akayaangusha, na nilipogeuka alikuwa amechuchumaa kati yao, visigino chini, magoti yamekunjwa kabisa, anaokota. Hakujua kwamba amefanya jambo lolote. Nilimwita Kogo wake aje aone, nasi tukasimama mlangoni bila kumwambia, tusije tukamtisha akaanguka.

Siku hizi mzazi mwenye mtoto kama wangu hukuta mambo tofauti, nami nafurahi kwa dhati. Tangu 2015 Eldoret ina hospitali ya umma ya watoto, Shoe4Africa, ndani ya hospitali kuu ya rufaa. Wataalamu wa viungo wana sheria na baraza lao tangu 2014. Bima imehama kutoka NHIF kwenda SHA tangu Oktoba 2024, na mji wenyewe ulipandishwa kuwa jiji Agosti mwaka huohuo. Mama huonyeshwa mazoezi kwa video akiwa jikoni kwake. Mimi nilikuwa na ngumi zangu tu.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zile, iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa na wapatao 350,000 wakahama makwao. Katika hesabu ile ya waliohama kuna mtu aliyekuwa na orodha ya watoto mkononi, na kila jina lilikuwa na kiungo chake: goti hili, nyonga ile. Ni wangapi kati yao hawakupata simu? Tulipomfukuza jirani tulifukuza pia mikono iliyokuwa ikitutibu, na watoto ndio waliolipia hilo, bila kuelewa wanalipia nini.

Mwanangu sasa ni mtu mzima, ni fundi wa matrekta. Sura ya mama yule haikumbuki hata kidogo. Anasema aliyemhesabia hospitalini alikuwa Kogo. Nimemsahihisha mara nyingi, naye hukubali kwa heshima, kisha mwaka unaofuata husimulia vilevile. Hilo huniuma zaidi ya ninavyoweza kumweleza.

Basi, daktari, kwa kuwa nambari yako haipatikani, ripoti ya mgonjwa wako ni hii. Bamba lilitolewa mwaka uliofuata, na kovu ni safi. Mguu wa kushoto ulizidi wa kulia kwa takriban sentimita moja, na niliambiwa hutokea mfupa wa paja la mtoto unapounga, lakini hachechemei. Mbio alikimbia za shule tu, akachoka nazo, akapenda injini. Hulala chini ya matrekta na kuchuchumaa kando yake kutwa nzima. Kati ya kisigino na tako haiingii hata ngumi moja.