Staa Anabebwa na Mabaunsa, Dansa Anapanda Ngazi Mbovu

Wadau, leo siongelei nani kaachana na nani. Naongelea ngazi. Ile ya chuma ya kukunja, inayoning'inia chini ya mlango wa trela la kubadilishia nguo kwenye shoo za uwanjani. Umeshaiona Mwembeyanga, umeshaiona Biafra, ila huikumbuki kwa sababu macho yako yote yalikuwa kwa staa.

Na staa mwenyewe wala haigusi! Kuna mmoja, jina kapuni, mabaunsa wanambeba kutoka mlangoni mpaka stejini utadhani bibi harusi, miwani nyeusi usoni saa tano usiku. Wanaoikanyaga ngazi ni madansa. Wanapanda na kushuka mbio kubadilisha nguo, mchuchumio miguuni, na huko nyuma giza tupu maana taa zote zimegeuziwa mbele.

Dansa mmoja rafiki yangu ilimlalia upande mmoja akiwa anashuka. Kifundo kikateguka. Meneja alimtumia "pole" na kaua ka WhatsApp, shoo iliyofuata nafasi yake kapewa mwingine. Dansa wa hapa mjini mara nyingi hana mkataba, analipwa kwa shoo. Usipocheza hulipwi, na mwenye nyumba hajali kifundo chako.

Basi nikamfuata fundi wa kuchomelea mmoja Temeke, mzee wa makamo. Nikampa shikamoo yake, nikamuuliza hivi ngazi ya chuma inaangushaje mtu bila kukatika? Akacheka. Kaniambia inaanza kufa kwenye viungo, sio kwenye vidaraja.

Iko hivi. Uzito wako wote unashuka kwenye mikono miwili ya pembeni, na mikono inashikiliwa na bolti chache tu. Bolti ikilegea inacheza, ikicheza inakula tundu, tundu linaacha kuwa duara linakuwa kama yai. Hapo hata ukikaza nati vipi, ngazi itayumba tu. Kuijua ni rahisi: ikunjue, shika daraja la chini, itikise kushoto na kulia. Ikikujibu kwa kelele, usipande.

Halafu piga tochi ya simu pale palipochomelewa. Ukiona kamstari kembamba ka kutu kamepita juu ya rangi, mara nyingi pana ufa. Kupaka rangi mpya juu yake ni kumpaka mgonjwa poda. Inakwanguliwa mpaka chuma kionekane, ndiyo inachomelewa upya. Na hapa Dar upepo wa bahari una chumvi, chuma kinaliwa haraka kuliko huko bara.

Kitu kilichonishangaza ni grisi. Mimi nilidhani ukiijaza kwenye viungo ndo umemaliza. Kumbe grisi ikiwa nje inashika mchanga, na mchanga ukichanganyika na grisi unakuwa msasa, kila ukikunja ngazi unasaga bolti. Kwanza brashi ya waya, maji, iache ikauke, halafu ndo mafuta kidogo, ya kupulizia yasiyonata ndiyo mazuri zaidi, na ufute yanayobaki.

Pini ndiyo skendo yenyewe. Ile pini ya kuzuia ngazi isijikunje ikipotea, vijana wa steji wanachomeka msumari au waya wa kufungia nondo. Siku mbili tatu inashika. Siku ya tatu unamkuta mtu yuko chini. Na trela likiondoka bila ngazi kufungwa, linaigonga kwenye matuta mpaka mikono inapinda, wikiendi inayofuata inarudi kazini ikiwa hivyohivyo.

Sasa nyinyi waandaaji, wenyewe mnajijua. Mna hela ya fataki, mna hela ya moshi wa stejini, bolti na nati za bei ya sahani ya chipsi ndo zinawashinda?

Rafiki yangu kifundo kimepona, karudi kazini kwa msanii mwingine. Siku hizi anafika uwanjani mapema, anachutama chini ya mlango na tochi, anatikisa. Vijana wa steji wanamwita "injinia". Juzi Mbagala aliwagomea mpaka wakatafuta pini, na shoo ilichelewa dakika 20. Kwenye komenti mashabiki walimtukana staa kwa kuchelewa.