Kijana Aliyenyamaza Mimbarini



Katika Dominika ya Kristo Mfalme mwaka 2023 tulimpa kijana mmoja wa kidato cha pili somo la kwanza, Ezekieli 34, ambamo Mungu anaahidi kuwatafuta mwenyewe kondoo wake waliotawanyika. Alikuwa mtumishi wa altare wa miaka mingi. Alipanda mimbarini, akakishika kitabu kwa mikono miwili, akanyamaza. Tulidhani ni woga, tukamwashiria aanze. Akashuka, akatokea mlango wa sakristia, na kwa majuma saba hatukumwona.

Hakuwa mwoga. Hakujua kusoma. Tulimwandaa kwa Komunyo ya kwanza na Kipaimara pasipo kugundua, maana kila tulichomfundisha alikishika kwa sikio. (Kumbukumbu yake twaionea wivu hadi leo.)

Mtoto hufikaje sekondari katika hali hiyo? Walimu wanajua: darasa limejaa, na katika mtihani wa kuchagua herufi hata anayebahatisha hupata kitu. Kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yageuka kuwa ya Kiingereza, lugha isiyosomwa kama ilivyoandikwa. Mwalimu wa huko amesomea Baiolojia au Historia. Silabi hakuandaliwa kuzifundisha.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, alitujia akasema, "Baba Paroko, niachie huyu." Hakumwita kijana, alimfuata kwao. Wakakubaliana kukutana kila Jumamosi chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba ya katekista, mahali ambapo mtu huonekana lakini hasikiki. Mama alitoa masharti mawili: asiwepo mwanafunzi mwingine, na Paroko asipite karibu. La pili lilituuma, lakini tulilistahili.

Alianza na Kiswahili. Ba na be kijana alizijua. Alikwama penye mbw, nyw na ng'. Mama alisoma sentensi, wakaisoma pamoja, kisha kijana peke yake, kidole kikifuata mstari. Alipokosea hakukatizwa; aliachwa amalize, ndipo warudi. Kiingereza kilisubiri hadi mwezi wa nne.

Tukamkumbuka Filipo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Alimsikia yule mtu wa Kushi akisoma garini, akamwuliza kama anaelewa. Mtu mkubwa yule, mtunza hazina ya malkia, hakuona haya kukiri kwamba anahitaji wa kumwongoza, tena akamkaribisha Filipo aketi naye. Sisi tulimwachia kijana wetu mimbari nzima peke yake, mbele ya kanisa lililojaa.

Kidato cha pili alikirudia mwaka 2024, akavuka. Bado husoma polepole, na Kiingereza kingali kinamtesa. Tulipomwomba radhi aliinamisha kichwa, akasema tu, "Baba, yamekwisha." Kusoma kanisani hatujamwomba tena.

Sasa chini ya mwembe wanakuja vijana watano, kila mmoja kwa saa yake, na mama ni yule yule mmoja, ambaye magoti yanamsumbua. Aliye tayari kutoa saa moja ya Jumamosi aonane naye, si nasi. Atakayekuja asiulize ni watoto wa nani.