Nyumba Iliyoapizwa na Haki ya Mnyonge

Hadithi za nyumba zenye mashetani hupendwa kila mahali. Mwandishi huweka ukoo wenye siri, msichana mgeni, kijana anayempenda, na chumba ambacho hakifunguliwi; nasi twasoma hadi usiku wa manane kwa hofu na hamu. Wako wanaozidharau wakisema kwamba zinakuza ushirikina. Mimi nimezipenda tangu ujana wangu, na katika insha hii nataka kuzitetea kwa mfano mmoja. Nionavyo, hadithi nzuri ya nyumba iliyoapizwa, ukiichimba hadi chini, ni hadithi ya haki ambayo mwenyewe alinyimwa.

Mfano wangu ni The House of the Seven Gables, riwaya ya Nathaniel Hawthorne iliyotoka Marekani mwaka 1851. Jina lake lahusu nyumba ambayo paa lake lina ncha saba. Nyumba ya namna hiyo, iliyojengwa mwaka 1668, ingalipo mjini Salem, jimbo la Massachusetts, na wageni huitembelea. Katika hadithi, Kanali Pyncheon, mtu mwenye mali na sauti, anakitamani kiwanja cha mnyonge aitwaye Matthew Maule. Maule anakataa kukitoa. Zinapozuka kesi za uchawi, Kanali yu miongoni mwa wanaopiga kelele zaidi, na Maule ananyongwa. Kabla ya kufa anamwapiza adui yake kwamba damu itamrudia. Kanali anajenga nyumba yake papo hapo. Maji ya kisima cha Maule yanaharibika, na siku ya karamu ya kuifungua nyumba, wageni wanamkuta mwenyeji amekufa kitini, ndevu zake zina damu.

Hawthorne hakuyaokota haya njiani. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa huko Salem kwa tuhuma za uchawi, na John Hathorne, mmoja wa mahakimu wa kesi hizo, alikuwa babu wa babu yake. Basi mwandishi huyu alisimama upande wa nyumba ya waliodhulumu, akauliza ukoo wake unadaiwa nini.

Je, laana ile ilikuwa ya kweli? Mwandishi hatulazimishi. Waganga katika hadithi wanasema Kanali aliuawa na maradhi ya ghafla, na maradhi hayo yamo katika ukoo. Msomaji na achague. Lisilo na shaka ni kwamba dhuluma yenyewe inarithiwa. Vizazi kadhaa baadaye anatokea Jaji Jaffrey Pyncheon, mwenye tabasamu kwa kila mtu, ambaye alimwacha binamu yake afungwe miaka 30 kwa mauaji ambayo hakuyafanya, huku yeye akiujua ukweli. Wahenga wetu walisema kwamba majuto ni mjukuu. Katika nyumba hii mjukuu alirithi kiti, picha ya babu ukutani, na tamaa ya babu pia.

Yafaa tujiulize kwa nini Maule aliapiza. Aliapiza kwa sababu hakuwa na baraza jingine la kulipelekea shauri lake; mahakama ndiyo iliyomuua. Hata kwetu pwani, mtu aliyeibiwa au kudhulumiwa, asiyetumaini kusikilizwa, huenda kusoma Halbadiri. Mwenye nguvu humcheka akisema kwamba dua la kuku halimpati mwewe. Lakini hofu ya laana haimwingii mtu bure. Aghalabu humwingia anayejua kilichotendeka. Muhammed Said Abdulla naye, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alimfanya Bwana Msa apite kando ya mzimu akamtafute binadamu mwenye hatia. Njia za waandishi hawa wawili ni tofauti, lakini zote zinatufikisha kwa mtu na tamaa yake.

Yako mapenzi pia. Phoebe, binti wa ukoo wa Pyncheon aliyekulia shamba, anapendana na Holgrave, mpiga picha aliyepanga chumba humo. Jaji anapokufa katika kiti kile kile cha babu yake, Holgrave anafichua kwamba yeye ni wa kizazi cha Maule. Wanaahidiana ndoa, na wote wanahamia nyumba ya shamba ya marehemu Jaji. Hapa ndipo nisiporidhika. Mapenzi yamewapatanisha vijana, ni kweli. Lakini mjukuu wa Maule ameipata haki yake kwa posa, kama zawadi, na hakuna aliyetamka mbele ya watu kwamba kiwanja kiliporwa. Jimbo la Massachusetts lenyewe lilifanya zaidi ya hapo: mwaka 1711 lilitoa fidia ya pauni 578 na shilingi 12 kwa jamaa za walioonewa, na mwaka 2022, kwa juhudi za mwalimu na wanafunzi wake, likasafisha jina la Elizabeth Johnson, wa mwisho kati ya waliohukumiwa.

Nayasema haya kwa kuwa hata sisi tunayo nyumba. Ni nyumba ya mawe, mjini Pangani, na imefungwa miaka mingi. Wapangaji wawili walihama wakisema wanasikia mtu akitembea ghorofani. Mwaka huu kaka yangu mkubwa alituita akapendekeza tumlete mganga aizingue, kisha tuiuze. Wazee waliposikia walitazama chini. Wanajua kwamba babu alipofariki, shangazi yetu hakupewa fungu lake, ingawa sheria ya mirathi ilimpa, na kwamba waliolila ni ndugu zake, baba yetu akiwa mmojawapo. Nilisema kwamba mganga aweza kungoja. Kwanza waitwe watoto wa shangazi, wahesabiwe, fungu la mama yao litajwe mbele ya ukoo mzima. Kaka hakunijibu, na shauri bado halijaisha.

Sijui anayetembea ghorofani ni nani. Lakini naamini kwamba nyumba ambayo kila mwenye haki amepewa chake haihitaji kuzinguliwa, na ile ambayo deni limo ndani yake haizinguliki kwa ubani.