Wosia kwa Mwanangu Anayeingia Maabara



Nguvu zinanipungua na macho yangu hayaoni tena maandishi madogo, kwa hiyo nakuandikia sasa, kabla hujaanza mwaka wako wa utafiti, yale ambayo ningekueleza polepole jioni baada ya jioni kama Mungu angeniongezea siku. Mimi nilitumikia hadubini hapa Karagwe. Wewe unakwenda kusoma vinasaba vyenyewe, kule ambako jicho langu halikufika.

Unajua kilichotupata. Vimelea vya malaria katika wilaya yetu na kwa ndugu zetu wa Kyerwa vimebadilika kidogo mno, badiliko moja tu katika protini ya Kelch 13, nafasi ya 561, nalo linavifanya vichelewe kufa mgonjwa anapomeza dawa mseto. Rwanda walilibaini katika sampuli za 2014 na 2015. Kwetu, sampuli zilizokusanywa 2021 na Dkt. Deus Ishengoma wa taasisi ya utafiti ya NIMR na wenzake zilionyesha kwamba hapa Karagwe zaidi ya kimelea kimoja kati ya vitano kilikuwa nalo. Utafiti wa tiba wa 2022 ukaonyesha kwamba dawa bado inawaponya watoto wetu, ila kwa baadhi yao vimelea vilikuwa bado vinaonekana siku ya tatu. Tuna nafasi ya kuwahi, mwanangu, lakini si kubwa.

Sasa fikiri: sampuli ya Karagwe na ya ng'ambo ya mto Kagera zinalinganishwaje? Hulinganishwa pale tu ambapo kila mtafiti amemwonyesha mwenzake hatua alizozifuata, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Ndiyo maana nakusihi: mwongozo wako wa kazi uandike wote, na uutoe kwa yeyote auombaye.

Usiandike "kausha tone la damu" ukadhani umesema kitu. Masika hewa yetu ya milimani ina unyevu, na karatasi yenye tone hilo, inayokauka usiku mmoja kiangazi, huenda ikahitaji muda zaidi. Ikifungwa ikiwa mbichi huota ukungu, na DNA iliyomo huharibika. Andika ilikaa saa ngapi, mbali na jua na inzi, na punje za kunyonya unyevu ulizibadilisha lini. Andika nyuzi za joto, mizunguko ya PCR, jina la kitendanishi na toleo lake. Andika pia kile kichupa cha maji matupu kisicho na DNA unachokipitisha pamoja na vingine, kwa maana kikileta jibu, basi kazi yote ya siku ile imechafuka, hata kama matokeo mengine yanakufurahisha. Hapo ndipo tabia ya mtu hupimwa, mwanangu, saa kumi na moja jioni, msimamizi ameshaondoka na wewe peke yako unajua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema pia mficha uchi hazai. Nami nakuomba uandike na yaliyoshindikana, ili mwanafunzi wa Mwanza au Mbarara asiimalize bajeti yake ndogo akirudia kosa ulilokwisha kulijua. Utakutana na wenzako wanaoficha mwongozo kama mganga afichavyo mizizi, wakiogopa kupitwa. Usiwachukie, ni woga wa ujana. Ila usiwaige, kwani kidole kimoja hakivunji chawa, na ugonjwa huu hauna habari na shahada ya mtu.

Lakini tofautisha. Hatua za kazi ni za wote. Jina la mtoto aliyechomwa kidole, kijiji chake na majibu yake si vyako kugawa. Mama yake alikubali akiwa amekuamini, na akishavunjwa moyo hatamleta tena mwanawe, wala jirani yake hatamleta wake.

Utajikwaa, najua. Utamwaga sampuli, utakosea lebo, utalia. Siku hiyo mwambie msimamizi wako kabla jua halijazama, kisha unipigie simu kama bado nipo. Upendo wangu kwako haukutegemea matokeo hata siku moja.

Madaftari yangu yamo kwenye sanduku la bati, mama yako ana ufunguo. Yatoe nakala. Aliyeyasoma akikuta nimekosea, mruhusu asahihishe kwa kalamu nyekundu pembeni, na tarehe aiweke.