Kimya cha Duarani

Songwa, Jumatatu, 6 Machi 2023

Leo nimemfokea kijana wa watu mbele ya wenzake. Aliuliza kwa nini maji ya kuchekechea changarawe tunayamwaga karibu na ukingo wa duara, shimo letu la kuchimbia almasi. Nikamjibu kwamba aliyekuja kuuliza maswali arudi shule. Akainama, akaendelea kujaza ndoo. Mpaka jioni hakuna aliyeniita kwa lolote. Watu ni wale wale kumi na mmoja, lakini changarawe tuliyochekecha haifikii hata nusu ya Jumamosi.

Tajiri naye alikuwa amepiga simu asubuhi: mafuta ya pampu anatoa yeye, posho anatoa yeye, mbona jiwe halionekani? Ukali wake nikaushusha kwa vijana kama ulivyo.

Jumatano, 8 Machi

Ukuta wa mashariki umeporomoka alfajiri, kabla hatujashuka. Nimewahesabu watu mara tatu, mikono inatetemeka. Wote wapo, Mungu ni mwema.

Yule kijana akanisogelea. "Mzee, ule ufa niliuona juzi. Kiganja kilikuwa kinaingia."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema tusiulize, mzee."

Mahali alipokuwa akijazia ndoo pamefukiwa kupita kimo cha mtu.

Ijumaa, 10 Machi

Usingizi hauji. Nimetoa sanduku la marehemu baba. Aliajiriwa Mwadui enzi za Williamson, yule mjiolojia wa Kanada aliyegundua almasi pale mwaka 1940 na kufariki 1958. Ndani kuna kijitabu cha Mwongozo wa TANU wa 1971. Ibara ya 15 inamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Baba aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Wafanyakazi waliichukua ibara ile kwa uzito. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye mali, wakaendelea kuzalisha wao wenyewe. Ubishi wao haukuwa wa mshahara peke yake. Walichoka kudharauliwa.

Na kabla ya TANU, sisi Wasukuma tulikuwa na nsumba ntale. Vijana wa kijiji walimchagua wenyewe aongoze kazi za pamoja. Alishika jembe pamoja nao, ngoma ikilia, na ekari ililimika. Mimi hawakunichagua. Niliwekwa na tajiri, nikajifanya nyapara.

Jumapili, 12 Machi

Shemeji amekuja kutusalimu, tumekula michembe na maziwa. Aliwahi kuchuma chai Mufindi. Kule kinachotakiwa ni majani mawili na kichipukizi, na malipo ni kwa kilo. Anasema siku nyapara akiwakimbiza kwa makelele, watu hujaza kapu kwa majani magumu na vijiti. Uzito unapanda, chai inaharibika. Nyapara mwingine alitembea mistarini, akimwona mama amechoka anamsaidia kubeba kapu hadi kwenye mizani. Kwake walichuma vizuri hata akiwa hayupo.

Nimemwuliza mara mbili: hata akiwa hayupo? Akasema hata akiwa hayupo. Hapo ndipo nilipoumia, maana mimi nikienda msalani tu, machekeche yanasimama.

Jumanne, 14 Machi

Nimemwomba radhi yule kijana mbele ya wote, pale pale nilipomfokea. Hakujibu kitu, alinipa mkono. Maji tumeyahamishia bondeni, ukingo tumeuchonga kwa mteremko. Kila asubuhi, kabla ya kushuka, kila mmoja atasema alichokiona. Ukaguzi wa kuta ni wa kijana, na akisema tutoke, tunatoka, hata mimi.

Tajiri nimempigia mwenyewe. Nimemweleza kwamba wiki hii tutachelewa, na sababu ni ukuta pamoja na mdomo wangu. Amenyamaza kidogo, kisha akasema mafuta ya siku tatu atatuma.

Leo kijana ametutoa duarani mara mbili. Mara zote mbili tumetoka.