Viatu vya Ndege

Mzee hakuwahi kuviita kwa jina la kitabuni. Kitabuni ni vifuniko vya magurudumu: vile vya faibaglasi, vyenye umbo la tone la maji, vinavyolifunika gurudumu la ndege ndogo hadi likabaki likichungulia kwa chini tu. Yeye alisema viatu. "Mvua inakaribia, mwanangu. Mvue viatu." Ndege kwake alikuwa mtu, hata kwenye sarufi.

Nilikuwa mwanagenzi wa mwaka wa pili, msichana pekee katika hanga la mabati kando ya kiwanja cha nyasi, kusini mwa Nairobi. Kama umewahi kujenga au kupanga nyumba upande wa Kitengela, udongo wa huko unaujua. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza spana. Mvua ikinyesha huvimba na kunata, kila hatua inakuongezea soli, mwisho unatembea kama mtu aliyepanda matofali. Juu ya udongo huo mweusi ndipo nyasi zetu zilipoota, na ukizitazama kutoka angani mwezi wa Aprili ungedhani mtu ametandika zulia.

Ndege yenyewe ilikuwa Cessna 172 ya miaka ya 1970, aina ambayo zimetengenezwa zaidi ya 44,000, na hakuna ndege nyingine duniani iliyofikia idadi hiyo. Mwenyewe alikuwa daktari, nasi tulimwita Daktari tu. Mara moja kwa mwezi aliruka kwenda kutibu watu katika kliniki moja kaskazini. Alikuwa amevipaka viatu rangi upya, vyeupe, na mstari mwekundu ubavuni, na kila alipofika alivipangusa kwa kitambaa chake cha mfukoni kabla hata ya kutusalimia. Faida yake? Kitabu cha rubani kinasema vinaongeza mwendo kwa noti mbili hivi, yaani chini ya kilomita 4 kwa saa. Katika safari ya saa mbili unawahi dakika mbili tatu. Lakini bila viatu ndege ile ilifanana na bwana harusi aliyevaa suti akaja pekupeku, na nakiri kwamba hata mimi sikupenda kuiona hivyo.

Kwenye lami viatu havina neno. Kwenye nyasi, gurudumu linaokota. Linaokota tope, linaokota majani, na kila likizunguka linavipandisha ndani ya kiatu, mahali ambapo nafasi kati ya tairi na ukuta wa faibaglasi ni ya kidole kimoja au viwili. Upepo wa tairi ukipungua, ndege inakaa chini zaidi na kiatu kinaanza kulima. Majani makavu hujisokota karibu na diski ya breki, na diski iliyotoka kufanya kazi huwa ya moto, na yale mafuta mekundu ya breki yanawaka. Uingereza, ambako viwanja vya nyasi ni vingi, marubani huhofia tope litakaloganda kuwa barafu huko juu, watue na magurudumu yasiyozunguka. Sisi huku barafu si shida yetu. Tuna jua, na udongo mweusi ukikaukia ndani ya kiatu hauna tofauti na saruji.

Aprili ile Mzee alikuwa Mombasa kwenye matanga. Alinipigia simu Jumatano. "Umemvua?" Nikamwambia bado, namsubiri Daktari. Ilikuwa nusu ya ukweli. Kuvua si kufungua skrubu tu. Fundi mwenye leseni lazima atie sahihi, iandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu cha ndege, uzito upigiwe hesabu upya. Na Daktari alikuwa ameshaniambia niviache, Jumamosi ana safari. Basi nikaviosha. Nilielekeza mpira wa maji ndani ya kila kiatu, maji yakatoka meusi, yakatoka ya kahawia, yakatoka meupe. Nikapitisha kidole hadi kilipofika, nako kukawa safi. Juu, nyuma ya tairi, kidole hakifiki. Kisha likaja jua la siku tatu.

Jumamosi asubuhi nilishika nguzo ya bawa la kushoto, kijana wa mlinzi akashika ya kulia, tukasukuma. Ikagoma. Tukasukuma tena, ikasogea kwa kujivuta, pua ikielekea upande wangu. Mkono wangu ulijua. Mdomo ukasema, "Ardhi bado imelowa."

Daktari akakubali. Kila rubani amefundishwa kwamba nyasi huchelewesha. Kitabu kinamwambia aongeze asilimia 15 ya umbali wa kukimbia ardhini hata zikiwa kavu. Na sisi tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako injini hukosa pumzi. Kwa hiyo hakushangaa alipotumia karibu kiwanja chote ndipo akapaa. Nilisimama nikiangalia hadi magurudumu yalipoachana na nyasi, nikaenda kunywa chai.

Simu ikaja saa sita mchana. Alikuwa ametua kwenye kiwanja cha changarawe na gurudumu la kushoto halikuzunguka. Ndege ikavutwa upande huo, ikatoka njiani, ikasimama vichakani. Ndani alikuwa na muuguzi mmoja. Hakuna aliyeumia. Tairi lilikuwa limekwanguka sehemu moja hadi nyuzi, kiatu kimepasuka kuanzia tundu la skrubu hadi ncha.

Mzee alirudi Jumatatu. Alizunguka nje kwanza, peke yake, kisha akaja akaketi juu ya ndoo ya rangi.

"Ulipomsukuma, alikuwaje?"

"Alikuwa sawa."

Akatikisa kichwa kukubali, akaomba chai. Ningekuwa na nafuu kama angenigombeza. Jioni hiyo nikamsikia Daktari akiongea kwa simu nje ya hanga, akisema labda alitua na mguu juu ya breki, labda umri umefika, labda auze. Alikuwa na miaka 61. Alikuwa akijitafutia kosa mguuni mwake, nami nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake nikipanga skrubu kwenye kopo.

Jumatano nilimfuata kwenye kliniki yake mjini. Nilikaa foleni na wagonjwa, nikaingia zamu yangu ilipofika.

"Daktari, hukukanyaga breki. Gurudumu lilikuwa linagoma kabla hujaondoka. Nilihisi, nikanyamaza."

Alifunga kalamu, akaifungua, akaifunga. "Yule muuguzi ana watoto watatu," akasema. Kisha akaniomba nimwite anayefuata.

Nilipomwambia Mzee, hakuacha kazi aliyoshika. "Najua. Nje kuna alama. Kulia tairi limeviringika, kushoto limeburuta. Unyevu hauchagui upande."

Tulipokifungua kile kiatu, tope lilitoka kipande kizima, limechukua umbo la tairi, na majani ndani yake kama udongo wa kukandikia nyumba. Mzee akaazima mzani wa muuza nyama. Kilo tatu na nusu. Alinifanya nilishike kwa mkono mmoja huku akieleza, taratibu mno, nadhani makusudi. Ufa unatobolewa tundu dogo mwishoni ili usiendelee kutembea. Ndani unabandikwa vitambaa vya nyuzi za kioo kwa gundi yake, tabaka mbili. Skrubu zinawekewa washa pana, kwa sababu faibaglasi huanza kufa kwenye matundu. Kile chuma chembamba cha kukwangua tope kinarekebishwa kisogee karibu na tairi bila kuligusa. Na upepo wa tairi hupimwa kwa geji, si kwa teke. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka na bado hajaniruhusu kuliweka chini.

Siku hizi leseni ninayo. Mzee amestaafu, yuko kwao Mombasa. Daktari hakuuza; ila kwa karibu mwaka mzima alinipa salamu tu, hakuongeza neno. Viatu vyake huning'inia ukutani msimu wote wa masika, vimefunikwa gunia, na sahihi iliyo kitabuni ni yangu.

Mei hii alikuja mapema. Akavitazama pale ukutani.

"Vitarudi lini?"

"Nyufa zikionekana, Daktari."

Akaangalia chini, ardhi bado nyeusi na laini. Akavua koti, akashika nguzo ya bawa la kulia, mimi ya kushoto, tukasukuma. Tulipofika katikati ya njia akasimama.

"Ngoja," akasema. "Tumrudishe nyuma kidogo, nisikie tena."